Mwanafunzi na Memware Yake: Historia ya Elimu ya Psikolojia toka Leipzig mpaka Kisangani



Kila mwaka, masomo yanapokaribia mwisho, tunaona jambo moja katika seminari na katika universite. Mwanafunzi amepita mitihani yake yote, amejibu vizuri, waalimu wanamsifu; lakini imebaki kazi moja inayomshinda, ndiyo kuandika kitabu chake mwenyewe, kile tunachokiita memware. Anaogopa karatasi nyeupe. Anawaambia wazazi: « Bado kidogo tu », na hiyo « bado kidogo » inageuka miaka mitano. Mwingine anachukua kazi ya mwenzake wa zamani, anabadili jina la kijiji na hesabu mbili tatu, anaipeleka. Hatukukamata kalamu leo kwa kuwagombeza. Tunataka kusimulia kazi hii ilitoka wapi, hasa katika psikolojia, maana ndiyo elimu ambamo mtu ndiye anayeuliza na mtu ndiye anayeulizwa. Nanyi waseminari mtaona kwamba katika inchi yetu aliyetangulia njiani alikuwa mmoja wenu.

Tuanze na mwaka 1879. Tarehe 4 Agosti ya mwaka ule Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa barua yake Aeterni Patris, akitaka filozofia ya Mtakatifu Tomaso ifundishwe tena kwa nguvu katika masomo ya Kanisa. Katika mwaka uleule, mjini Leipzig katika Ujerumani, profesa Wilhelm Wundt, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti, alifungua chumba cha majaribio ya psikolojia. Hakikuwa chumba cha fahari. Nyumba ile ilikuwa ya kulishia wanafunzi maskini, naye alikuwa amepewa mahali padogo pa kuweka vyombo vyake. Barua ya Papa na chumba cha Wundt hazikujuana. Lakini miaka michache baadaye zilikutana, tena katika Ubelgiji, na kwa njia ile zikafika mpaka kwetu.

Mwanafunzi wa kwanza aliyemaliza kazi ya doktora katika chumba kile aliitwa Max Friedrich. Swali lake lilikuwa dogo kabisa: akili inahitaji muda gani kwa kutambua kitu kilichowekwa mbele ya macho? Alionyesha rangi, kisha namba zenye tarakimu moja mpaka sita. Mtu alikaa gizani, kitu kikaangazwa ghafula, naye alifinya kifungo mara alipokwisha kukitambua. Muda ulipimwa kwa saa ya namna ya pekee, inayogawanya sekunde moja katika sehemu elfu. Kazi ilianza katika majira ya baridi ya 1879-1880, nayo ilitolewa katika jarida la Wundt, Philosophische Studien, lililoanza mwaka 1881.

Waseminari wetu watacheka: mtu apate udaktari kwa kuonyesha namba gizani? Lakini hapo ndipo fundisho la kwanza lilipo. Friedrich hakuuliza: « Roho ni nini? » Swali hilo lingemmaliza yeye mbele hajalimaliza. Aliuliza neno ambalo mtu mmoja anaweza kulijibu kwa mikono yake katika miezi michache. Tumesoma memware nyingi ambazo kichwa chake kinaomba miaka ishirini ya kazi, na mwanafunzi ana miezi sita.

Jambo la pili tunalitilia nguvu zaidi, maana litaturudia mbele. Nani alikaa gizani mbele ya zile namba? Si watu waliookotwa njiani. Friedrich mwenyewe alikaa, na wenzake walikaa, na profesa Wundt, mkubwa wa nyumba, naye alikaa na kufinya kifungo kama wengine. Leo wewe unapima, kesho unapimwa. Aliyekaa kwenye kiti alihesabiwa kuwa ndiye anayejua, kwa sababu yeye peke yake aliona yaliyopita ndani yake. Mwenye kushika saa alikuwa kama karani wake.

Husimuliwa kwamba mwanzo wa nusu-mwaka Wundt alikuja na orodha ya maswali, akawagawia wanafunzi kwa kufuata mstari waliosimama. Zaidi ya 180 walimaliza kazi za udaktari chini yake katika maisha yake. Mmoja, Mmarekani James McKeen Cattell, hakutaka kupewa swali. Alichagua lake mwenyewe na kulishikilia mpaka akapata udaktari katika 1886, na tena akawa msaidizi wa profesa. Kugawiwa swali si haya, na kujichagulia si dhambi. Haya ni kukaa bila swali.

Sasa tuingie Louvain. Mwaka 1882, kwa mapenzi ya Leo XIII, padri kijana Désiré Mercier, aliyekuwa akifundisha filozofia katika seminari ndogo ya Malines, aliwekwa kufundisha filozofia ya Mtakatifu Tomaso katika Universite ya Louvain. Alikuwa na umri wa miaka thelathini tu. Wengi walifikiri atasoma Summa na kuieleza, basi. Yeye alifanya neno jingine: alirudi kwenye benchi pamoja na wanafunzi wa uganga, akajifunza kemia na kazi ya mishipa ya fahamu. Husimuliwa tena kwamba huko Paris alisikiliza mafundisho ya daktari Charcot amevaa mavazi ya watu wa dunia, ili wasimtambue kuwa padri. Mawazo yake yalikuwa haya: kama Mtakatifu Tomaso alisema kweli kwamba roho na mwili ni mtu mmoja, kwa nini Mkristu aogope chombo kinachopima kazi ya mwili katika kufikiri? Anayepaswa kuogopa ni yule anayesema roho imefungwa mwilini kama ndege katika tundu.

Mwaka 1889 Mercier alianzisha Chuo cha Juu cha Filozofia, na psikolojia ya majaribio ikapata nafasi yake ndani. Mwanafunzi wake Armand Thiéry alikwenda Leipzig kwa Wundt mwenyewe. Huko alifanya kazi juu ya namna macho yanavyodanganyika mbele ya mistari: mistari miwili ni sawa, lakini mmoja unaonekana mrefu. Kazi ile ilitoka katika jarida la Wundt karibu na 1895, naye akarudi Louvain kuongoza majaribio. Fikirini jambo hilo: mtu wa chuo kilichozaliwa na barua ya Papa, ameketi katika nyumba ya mwana wa mchungaji, akimaliza kazi yake kwa heshima. Kulikuwa na Wakatoliki waliomshuku Mercier kwa sababu ya vyombo vile. Alivumilia. Mwaka 1906 akawa Askofu Mkubwa wa Malines, na mwaka uliofuata Kardinali. Thiéry, kwa upande wake, alipenda mambo mengi, hata mawe ya nyumba za zamani kuliko saa za kupimia. Miaka yake mingi aliitumia kwa kutengeneza abasia ya Mtakatifu Gertruda mjini Louvain. Kazi ya psikolojia ikaingia mikononi mwa mtu mwingine.

Mtu huyo ni Albert Michotte, mzaliwa wa Bruxelles katika 1881. Alikwisha kupita Leipzig kwa Wundt, na Würzburg kwa Külpe. Karibu na 1910, pamoja na mwenzake Prüm, alitoa kazi juu ya kuchagua kwa hiari. Walimwonyesha mtu namba mbili na kumtaka achague moja kati ya hesabu mbili: kujumlisha au kutoa, kuzidisha au kugawanya. Hakutakiwa kufanya hesabu yenyewe, bali kuchagua tu kwa sababu ya kweli, na mara ileile kueleza yaliyopita moyoni mwake. Swali la utashi, ambalo teolojia imelishughulikia tangu Mtakatifu Agustino, likaletwa mezani kati ya namba mbili. Hatusemi kwamba hivyo likaisha. Wakosoaji walisema kuchagua hesabu si kuchagua mke wala wito, na maneno yao yana uzito. Lakini tunapenda ujasiri wa kushika kipande kidogo cha swali kubwa.

Kisha vita ikaja. Tarehe 25 Agosti 1914 askari wa Kijerumani walichoma nyumba ya vitabu ya Louvain; vitabu karibu 300.000 viliungua. Michotte alikaa miaka ile Utrecht katika Uholanzi, akifanya kazi juu ya sauti. Vita ilipokwisha alirudi, na katika 1923 ikaanzishwa Louvain shule ya pedagojia na psikolojia iliyotumiwa kwa malezi. Hapo milango ilifunguliwa kwa walimu, mapadri na watawa, si kwa wanafilozofia peke yao. Katika vita ya pili, Michotte alifanya yale majaribio yaliyompatia jina duniani. Alichora mistari juu ya kisahani kinachozunguka nyuma ya tundu jembamba: unaona kipande kimoja kinakwenda, kinagusa kingine, na cha pili kinaondoka. Cha pili kikiondoka mara moja, kila mtu anaona la kwanza « limekisukuma ». Kikichelewa hata sehemu ya tano ya sekunde, hakuna msukumo tena, ni mienendo miwili tu. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1946. Na kwenye kiti? Michotte mwenyewe, pamoja na wasaidizi wachache. Baadaye alilaumiwa kwa kuwatumia wachache hivyo, lakini desturi ya Leipzig ilikuwa bado hai: mkubwa wa nyumba anakaa.

Sasa tunarudi nyuma kidogo, tuvuke bahari na misitu mpaka ziwa Tanganika. Miaka ileile ya 1910 na 1911, Michotte akihangaika na hiari, jarida moja la Ubelgiji, La Revue congolaise, lilitoa maandiko yaliyoitwa La psychologie des Bantus. Mwandishi alikuwa mseminari wa Kongo ya Juu, Mtabwa wa Marungu, kijana wa miaka ishirini na kitu: Stefano Kaoze. Hakuna Mkongo aliyetangulia kutoa maandiko kama yale kwa lugha ya Kifransa. Alisoma kwa Mapadri Weupe, katika seminari iliyoanzia Mpala, chini ya Monsenyeri Roelens. Huko vijana walijifunza Kilatini kwanza na filozofia nyuma, miaka mingi, na wengi walirudi nyumbani mbele ya mwisho.

Universite haikuwepo. Mwongozi wa memware hakuwepo, wala mashini ya kupima sekunde. Kaoze alikuwa na daftari zake za filozofia, na watu wake. Alichukua mambo aliyofundishwa, kujua na kutaka, akili na moyo, akauliza: je, kwa Wabantu mambo haya yanakwendaje? Alisema juu ya desturi zao kwa mtu aliyezaliwa ndani yake. Hatutaki kumsifu kupita kweli. Mahali pengine anawahukumu watu wake kwa macho ya wale waliomfundisha, na msomaji wa leo anasikia uchungu. Lakini angalieni mwaka. Mwaka 1910 huohuo, huko Paris, profesa Lucien Lévy-Bruhl alitoa kitabu chake juu ya fikira za watu wa « jamii za chini », akisema kwamba fikira zao hazifuati sheria za akili kama zetu, bali ziko mbele ya sheria hizo. Hakuwa amekaa kati ya watu aliowaandika. Alisoma habari za wasafiri na wamisionari. Basi kwa upande mmoja profesa anaandika kwamba Mwafrika hawezi kufikiri kwa utaratibu, na kwa upande mwingine Mwafrika anaandika kwa utaratibu juu ya fikira za Waafrika. Profesa yule, tuseme haki yake, alikuwa mtu wa kweli: katika uzee wake alirudi juu ya maneno yake, na daftari zake zilizotolewa mwaka 1949, miaka kumi nyuma ya kifo chake, zinaonyesha kwamba aliacha fikira ile.

Kwa Kaoze anayepima na anayepimwa walikuwa mtu mmoja, kama Leipzig, lakini pashipo saa. Aliandika juu ya Wabantu naye alikuwa Mbantu. Tarehe 21 Julai 1917 aliwekwa padri huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Alikufa mwaka 1951.

Yaliyofuata yalikwenda kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1950 psikolojia iliingia Kongo kwa nguvu pamoja na masanduku ya majaribio. Katika migodi ya Katanga na katika shule, watu walipewa picha na vipande vya kupanga, ili ijulikane nani anafaa kazi gani. Profesa wa Bruxelles, André Ombredane, alitoa katika 1954 kitabu juu ya « mentalité » ya Wakongo, akitumia picha zilizochorwa kwa ajili yao. Watu waliokaa kwenye kiti sasa hawakuwa na jina, wala hawakupata zamu ya kushika saa. Hawakusoma yaliyoandikwa juu yao. Tofauti na Leipzig hapo ni kubwa kuliko tofauti ya vyombo.

Lakini tusimhukumu Ombredane kwa haraka, kwa maana ndiye aliyefanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa memware angepaswa kulijua kwa moyo. Pamoja na wasaidizi wake alikwenda kwa Asalampasu wa Kasai na jaribio la michoro ya rangi, ambamo mtu anatafuta kipande kinachokosekana. Hakuwapima mara moja. Aliwapima mara tatu. Na kila mara matokeo yalipanda. Watu walewale, akili ileile. Maana yake nini? Mara ya kwanza jaribio halikupima akili yao tu. Lilipima pia ugeni wao mbele ya karatasi, mbele ya mgeni, mbele ya amri ambayo hawakuizoea. Mtu aliyepima mara moja tu angeandika hesabu kamili kabisa, na zingekuwa uwongo. Kazi ile ilitolewa mwaka 1956.

Na mwaka 1956 ndio mwaka wa Thomas Kanza. Alikuwa ameingia Louvain katika 1952, nyumba ya Mercier na Michotte. Mpaka wakati ule serikali ya wakoloni haikuharakisha kumfungulia Mkongo mlei mlango wa universite. Mapadri wetu walikwisha kufika Roma kwa teolojia, lakini kwa walei mlango ulikuwa bado karibu kufungwa. Kanza alimaliza lisansi yake katika psikolojia na malezi, nao watu wakamhesabu kuwa Mkongo mlei wa kwanza kupata diploma ya universite ya Ubelgiji. Mwaka uleule akatoa kitabu kidogo, Congo, pays de deux évolués. Kichwa chenyewe kinachoma kama pilipili. Miaka minne nyuma, Julai 1960, alikuwa New York katika Umoja wa Mataifa kama mjumbe wa serikali ya Lumumba. Tarehe 30 Juni 1960 Wakongo wenye diploma za universite hawakufika thelathini, na wa kwanza wao alitoka katika psikolojia. Watu wa siasa wamelieleza jambo hilo kwa namna nyingi. Sisi tunaona hili: mtoto wa watu waliokuwa wakipimwa alimaliza masomo ya wale wanaopima.

Kati ya hapo, mwaka 1954, Universite Lovanium ilifunguliwa juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Léopoldville, binti wa Louvain kwa jina na kwa desturi. Psikolojia na pedagojia ziliingia huko mapema, na pamoja nazo sheria ya memware: uchague swali, upate mwongozi, ukusanye, uandike, usimame kuitetea mbele ya waalimu. Mwaka 1971 serikali iliunganisha universite zote tatu za inchi kuwa moja, Universite ya Taifa ya Zaïre, na fakulti ya psikolojia na elimu ya malezi ikawekwa Kisangani. Ndiyo sababu, walimu wengi wa shule zetu za mashariki waliosoma psikolojia walipitia mji ule, kando ya mto, ambako Kiswahili na Lingala vinakutana sokoni. Tangu 1981 Kisangani ni universite ya pekee tena.

Tumefungua baadhi ya memware za namna hii. Zimechapwa kwa mashini, karatasi zimekuwa nyekundu, panya wameonja pembe. Mwanafunzi anauliza kwa nini watoto wa shule fulani wanarudia mwaka. Mwingine anauliza namna wazazi wanavyochagua shule ya binti. Nyingine ni dhaifu: kurasa arobaini za maelezo ya vitabu vya Ulaya, na kurasa sita za kazi yenyewe, kana kwamba mwandishi aliona haya kusema neno lake. Nyingine ni nzuri. Katika ile tuliyoipenda zaidi, mwandishi alikuwa amepeleka maswali kwa watoto kwa Kifransa, akaona majibu hayana maana, akayatupa yote. Akaanza tena kwa Kiswahili, na mbele ya kuwauliza watoto alimwomba mdogo wake amwulize yeye mwenyewe, akaandika yale aliyoyasikia moyoni alipojibu. Kazi yake ilichelewa mwaka mzima kwa sababu hiyo. Katika ukurasa wa shukrani, nyuma ya majina ya waalimu, ameandika majina ya watoto wote, mmoja mmoja, na la mdogo wake mwishoni.